Uniti Thelathini na Milango Sita: Mashirika ya Kijamii na Nishati ya Kaya Maskini

Katika muda usiotimia miaka mitano, Kenya iliusogeza mara tatu mstari unaoamua nani ni mtumiaji mdogo wa stima na nani si mdogo. Kabla ya Julai 2018, kaya iliyotumia uniti zisizozidi 50 kwa mwezi ililipa shilingi 2.50 kwa uniti, pamoja na ada ya kudumu ya shilingi 150. Julai hiyo ada ya kudumu ikafutwa, lakini mstari ukashushwa hadi uniti 10, na bei ya uniti ikapandishwa hadi shilingi 12. Wananchi wakalalamika. Novemba ya mwaka huohuo mstari ukarushwa juu hadi uniti 100, kwa shilingi 10 kila uniti. Kisha Aprili 2023 ukarudishwa chini, mara hii ukatua kwenye uniti 30.

Kati ya Julai na Novemba 2018 ujira wa kibarua wa Mukuru, mtaa wa mabanda wa Nairobi, haukubadilika, wala watoto wake hawakupungua. Mstari ulihama kwa sababu watumiaji na wafanyabiashara wadogo walipaza sauti mahali ambapo mdhibiti na wanasiasa hawakuweza kujifanya hawasikii. Mwaka huo ulikuwa umeanza na kesi: Januari wakili Apollo Mboya alikwenda Mahakama Kuu kupinga mpango wa kampuni ya umeme, Kenya Power, wa kuwadai wateja bili za nyuma za mabilioni ya shilingi. Kwa hiyo mtu asiambiwe kwamba bei ya stima ni hesabu ya wahandisi tu. Hesabu ipo, na ni ngumu, lakini mstari wenyewe huchorwa na watu, na watu husikiliza baadhi ya watu kuliko wengine.

Mhadhara huu unawalenga wale ambao kwa kawaida hawasikilizwi: mashirika ya kijamii ya mitaani, vyama vya akina mama, vikundi vya vijana, makanisa na misikiti yenye kamati za huduma. Hoja yake ni moja. Serikali huona mita. Mashirika haya huona kaya. Msaada wa nishati kwa maskini hupotea katika pengo lililo kati ya vitu hivyo viwili, na kazi ya utetezi ianzie hapo.

Ichukuliwe ploti ya kawaida ya Nairobi au Mombasa: vyumba sita vinavyotazamana, choo kimoja, bomba moja, mita moja ya tokeni iliyosajiliwa kwa jina la mwenye nyumba. Kila chumba kina taa mbili, redio au televisheni ndogo, na chaja za simu. Tuseme kila kaya inatumia uniti 20 kwa mwezi. Kila moja peke yake ni mtumiaji mdogo kwa kipimo chochote. Lakini mita haihesabu milango. Inasoma uniti 120, na kwa kuwa daraja la mteja hupangwa kwa wastani wa matumizi ya miezi mitatu, ploti nzima inapelekwa daraja la juu kabisa la nyumba za kuishi. Kwa bei zilizoanza kutumika Aprili 2023, kabla ya tozo na kodi, daraja la uniti 30 lilikuwa shilingi 12.22 kwa uniti, na daraja la zaidi ya uniti 100 lilikuwa shilingi 20.97. Kaya ya uniti 20 kwenye ploti inazidishiwa shilingi 175 kwa mwezi. Wakati huohuo kijana anayeishi peke yake kwenye fleti ya Kilimani, mwenye mita yake, anayekula hotelini na kurudi nyumbani kulala tu, anakaa bila wasiwasi chini ya uniti 30 na kufaidi bei iliyokusudiwa maskini.

Shilingi 175 si hela ya kumtikisa mwanachama wa bodi ya mdhibiti. Kwa mama anayefua nguo za watu Eastleigh ni unga wa siku mbili. Na juu ya hiyo bei ya msingi kuna gharama ya mafuta ya mitambo, marekebisho ya sarafu za kigeni, ushuru wa usambazaji wa umeme vijijini wa asilimia 5, na VAT ya asilimia 16. Tozo hizi humfuata mtumiaji hadi ndani ya daraja la chini.

Takwimu za aina hii mdhibiti wa nishati wa Kenya, EPRA, hana. EPRA inajua idadi ya mita. Haijui ni familia ngapi ziko nyuma ya kila mita katika mitaa kama Mathare, Kisauni au Nyalenda. Anayejua ni msimamizi wa ploti, mhazini wa chama, mhudumu wa afya wa jamii anayebisha hodi kila mlango. Ushahidi unaohitajika uko kwenye simu: kila ujumbe wa tokeni huonyesha fedha zilizolipwa, uniti zilizopatikana na makato. Kikundi kikikusanya jumbe za miezi mitatu kutoka ploti hamsini, pamoja na idadi ya milango ya kila ploti, kitaingia kwenye kikao cha maoni kikiwa na kitu ambacho hata kampuni ya umeme haikuja nacho. Mhazini aliyezoea kuandika michango ya chama kwenye daftari la mistari anaweza kuifanya kazi hiyo vizuri kuliko mshauri wa kukodiwa. Atajua pia nani anadanganya.

Mwaka 2018 una somo jingine, na pengine ndilo zito zaidi. Februari, serikali ilipiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma, na bei ya gunia la makaa ikapaa mijini. Julai, mstari wa stima ukashuka hadi uniti 10. Septemba, sheria ya fedha ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa, kwa maelezo kwamba wachuuzi walikuwa wakiyachanganya na dizeli. Kila uamuzi ulikuwa na sababu yake: misitu ilikuwa ikiisha kweli, na injini za malori zilikuwa zikiharibika kweli. Lakini mmoja ulitoka kwa wenye misitu, wa pili kwa mdhibiti wa nishati, wa tatu Hazina. Katika miezi minane, jiko la makaa, balbu na stovu ya mafuta taa, vyote vitatu vya chumba kimoja cha Kibera, vilipandishiwa gharama na ofisi tatu ambazo hakuna hata moja iliyotakiwa kujumlisha. Jumla hiyo ilifanywa na mama wa chumba, mbele ya duka.

Ndiyo maana shirika linalotetea stima peke yake hukosa nusu ya jambo. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba asilimia 55.1 ya kaya za Kenya zilipikia kuni, asilimia 23.9 gesi, na asilimia 11.6 makaa. Kwa kaya nyingi maskini, umeme ni wa taa na simu. Moto wa kupikia unatoka kwingine. Gesi yenyewe imechezewa kodi kama mpira: VAT ya asilimia 16 ilirudishwa Julai 2021, ikapunguzwa hadi asilimia 8 mwaka 2022, kisha ikaondolewa kuanzia Julai 2023. Mabadiliko hayo yote yamo katika sheria za fedha, si katika sera za nishati. Shirika linalongoja kikao cha wizara ya nishati limekaa kwenye baraza isiyo yake.

Kalenda basi ni nusu ya utetezi. Kenya, taarifa ya sera ya bajeti hufika Bungeni kabla ya 15 Februari, makadirio ya bajeti kabla ya 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Anayeandika barua Mei amechelewa kwa mambo mengi, ingawa kamati ya fedha huwa bado inapokea maoni kuhusu mswada wa fedha. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa mwananchi haki ya kujibiwa ombi lake ndani ya siku 21. Barua ya ukurasa mmoja kuuliza ni wateja wangapi wa kaunti fulani wako chini ya uniti 30, na wangapi walihamishwa daraja mwaka uliopita, haina gharama zaidi ya nauli. Isipojibiwa, ukimya huo nao ni ushahidi wa kupeleka kwa Tume ya Haki ya Utawala, inayojulikana kama ofisi ya Ombudsman.

Ng'ambo ya mpaka wa Namanga mambo yana sura nyingine. Tanzania imeweka mstari wake kwenye uniti 75, kwa shilingi 100 kila uniti. Ukijumlisha VAT ya asilimia 18, asilimia 3 ya nishati vijijini na asilimia 1 ya mdhibiti, EWURA, mteja analipa shilingi 122, bei ambayo wauza vocha za LUKU, umeme wa kulipia kabla, wanaijua kwa kichwa. Mteja wa kawaida wa daraja linalofuata analipa shilingi 292, ambayo baada ya makato hayohayo inakuwa zaidi ya shilingi 356. Tofauti ni karibu mara tatu. Nyumba ya wapangaji ya Manzese au Buguruni, ambako vyumba vinane vinachangia mita na ugomvi wa nani anatumia pasi huamuliwa na mwenye nyumba, haiwezi kubaki chini ya uniti 75 hata ikijibana. Kwa hiyo maskini wa ploti ya Nairobi na mpangaji wa uswahilini Dar es Salaam wana kesi moja, ingawa sheria zao ni mbili.

Tanzania ilifanya jambo jingine ambalo watetezi wangelitumia vizuri zaidi kuliko walivyolitumia hadi sasa. Kuanzia Agosti 2021, kodi ya majengo ilianza kukatwa kupitia ununuzi wa umeme: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, kiwango kilichopandishwa hadi 1,500 mwaka 2023. Kodi ni ya mwenye jengo, lakini anayenunua umeme mara nyingi ni mpangaji, na kudaiana kati yao kukabaki shughuli ya ukumbini. Malalamiko yalikuwa mengi na yalistahili. Hata hivyo serikali ilithibitisha kitu: ina njia ya kuingia nyumba kwa nyumba, mwezi kwa mwezi, bila karani wala foleni. Bomba linaloweza kunyonya shilingi 1,500 linaweza pia kurudisha shilingi 1,500. Asasi inayokwenda kwenye kikao cha EWURA cha taftishi, au kwa baraza la ushauri la watumiaji, EWURA CCC, ingefaa iulize hilo kwa maneno machache na kungoja jibu liandikwe kwenye kumbukumbu.

Mifano ya mbali husaidia ikichukuliwa kwa tahadhari. Afrika Kusini ilianza mwaka 2003 kutoa uniti 50 za bure kwa mwezi kwa kaya maskini. Kwenye karatasi ni sera ya kujivunia. Lakini kaya lazima iandikishwe kwenye daftari la maskini la manispaa, na katika sehemu zinazohudumiwa moja kwa moja na Eskom, kampuni ya umeme ya taifa, lazima mtu aidai tokeni yake. Mwaka 2021 taasisi ya utafiti ya PARI, ya Johannesburg, ilionyesha kwamba hazina ya taifa ilikuwa ikizipa manispaa fedha za kutosha kaya zipatazo milioni 10, na zilizofikiwa na umeme huo zilikuwa takriban milioni 2. Hakuna aliyeingia barabarani kulipata hilo. Walisoma vitabu vya bajeti mstari kwa mstari, wakalinganisha fedha zilizotumwa na kaya zilizohudumiwa. Usomaji wa namna hiyo hauna mvuto wa maandamano, na kwa maoni ya mhadhara huu una faida kubwa zaidi.

Marekani nako, mpango wa shirikisho wa kusaidia kaya za kipato cha chini kulipia nishati, LIHEAP, umekuwepo tangu sheria ya 1981. Huhudumia kaya zipatazo milioni 6 kwa mwaka, na katika majimbo mengi fomu hupokewa na mashirika ya kijamii, yaleyale yanayogawa chakula na kuendesha shule za chekechea. Wakenya wa Minnesota, ambao ni wengi, wanaijua fomu hiyo; wanajua pia kanuni ya jimbo inayomlinda na kukatiwa umeme au gesi, kati ya Oktoba na Aprili, yule aliyekubaliana na kampuni jinsi ya kulipa. Sheria ya LIHEAP hulitaka kila jimbo lipokee maoni ya umma juu ya mpango wake wa kila mwaka. Aprili 2025 wafanyakazi wa serikali kuu waliousimamia mpango huo waliachishwa kazi wote, na pendekezo la bajeti ya 2026 likataka ufutwe. Waliosimama kuutetea hawakuwa mashirika ya maskini peke yao. Makampuni ya umeme na gesi nayo huutetea, kwa sababu rahisi: fedha za mpango kwa kawaida huingia moja kwa moja kwenye akaunti zao na kulipa madeni ambayo yasingelipwa. Rafiki wa namna hiyo ana lake, na shirika lenye busara humtumia likilijua lake.

Je, Kenya Power inaweza kuwa rafiki wa aina hiyo? Imewahi kuwa, kwa muda. Katika vijiji vya mabanda vya Nairobi, wateja wengi walikuwa wakipata stima ya sambaza, nyaya zilizoingizwa kinyemela na kulipiwa kwa mwezi kwa mtu wa mtaa asiye na leseni wala huruma. Kampuni ilizoea kuja na polisi, kukata nyaya na kuondoka. Kufikia jioni nyaya zilikuwa zimerudi. Katikati ya muongo uliopita, kwa ruzuku iliyopitia Benki ya Dunia, ilibadili njia: ikaweka ada ya kuunganishwa ya shilingi 1,160, ikaleta mita za tokeni, na zaidi ya yote ikakaa na viongozi wa mitaa na vikundi vya vijana kabla ya kusimamisha nguzo. Kaya zilizounganishwa kihalali ziliongezeka kwa makumi ya maelfu. Kisha sambaza ikarejea sehemu nyingi. Ruzuku ilikuwa ya kuunganisha, si ya kutumia, na aliyeshindwa kununua tokeni tarehe 20 alimrudia mtu wake wa zamani.

Hapa mashirika mengi hunyamaza, kwa kuwa kuzungumzia sambaza ni kuwataja majirani, na baadhi ya wenye nyaya hizo ni watu wa kuogopwa. Ukimya huo una gharama. Nyaya za sambaza huua watoto na kuunguza mabanda, na hasara ya stima inayovuja hurudi kwenye bei ya kila mteja anayelipa. Shirika si lazima litaje majina. Linaweza kutaja bei: kaya inamlipa kiasi gani msambazaji haramu, na ingelipa kiasi gani kama ploti yake ingehesabiwa kwa milango. Pale ambapo bei halali kwa kaya moja ni ndogo kuliko ya haramu, kampuni ina sababu ya kibiashara ya kuunga mkono mabadiliko, na mdhibiti ana hoja ambayo Hazina itaielewa.

Mitungi ya gesi inastahili onyo fupi. Kugawa mtungi ni kazi inayopigwa picha vizuri, ndiyo sababu wanasiasa wa pande zote mbili za mpaka wanaipenda. Mradi wa Kenya wa gesi ya mwananchi wa muongo uliopita ulikwama baada ya maelfu ya mitungi kukutwa na kasoro. Tanzania, ambayo mwaka 2024 ilizindua mkakati wa kufikisha nishati safi ya kupikia kwa asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, imekuwa ikiuza mitungi ya kilo 6 kwa ruzuku vijijini kupitia REA, wakala wa nishati vijijini. Ni mwanzo mzuri. Swali la kuulizwa na asasi ya kijiji ni je, mtungi huo umejazwa mara ngapi baada ya ule wa kwanza? Kuhesabu mitungi iliyogeuzwa stuli ni utafiti halali kabisa.

Nini hasa kiombwe? Kwa Kenya, jambo la kwanza ni kwamba kiwango cha uniti 30 kizidishwe kwa idadi ya kaya zilizothibitishwa nyuma ya mita moja: ploti ya milango sita ihesabiwe uniti 180 kabla ya kuhamishwa daraja. La pili, VAT isitozwe kwenye uniti za daraja la chini. La tatu, kuhamishwa daraja kusiangukie uniti zote kwa mkupuo; anayefikisha 31 alipe bei ya juu kwa ile moja iliyozidi. Katika hilo la mwisho Tanzania imetangulia, kwa kuwa sheria yake ya uniti 75 hutoza bei ya juu kwa zile zinazozidi tu.

Pingamizi lililo wazi ni la udanganyifu. Mwenye nyumba ataandikisha milango kumi akiwa na minne, apate bei nafuu, kisha aendelee kuwatoza wapangaji bei ileile ya zamani. Ataandikisha, bila shaka. Wenye nyumba wa Nairobi hawahitaji kufundishwa hesabu. Ndipo vikundi vya mtaa vinapokuwa na kazi ambayo si ya kuomba tu: kuthibitisha milango mara moja kwa mwaka pamoja na chifu na wazee wa Nyumba Kumi, mpango wa usalama wa majirani, na kubandika ukutani, karibu na mita, bei ambayo mpangaji anapaswa kulipa kwa uniti. Kazi hiyo ina hatari zake. Katibu wa kikundi ni mpangaji pia, na mwenye nyumba anaweza kumpa notisi. Heri uthibitisho ufanywe na wanachama kutoka mtaa wa jirani, na majina ya waliohesabu yasiachwe kwenye nakala ya ukutani.

Kuhusu uhalali, Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013, iliyoanza kutumika Mei 2024 baada ya kungojwa zaidi ya muongo mmoja, haimzuii mtu kutetea sera. Inachokataza ni kukipigia debe au kukipinga chama cha siasa au mgombea. Vikundi vidogo visivyo chini ya sheria hiyo vina ile ya 2022 ya usajili wa vikundi vya jamii. Cheti kiwe mkononi kabla ya kikao, kwa sababu swali la kwanza kutoka meza kuu mara nyingi huwa "Nyinyi ni nani?", na jibu lisipokuwa tayari, dakika tatu za kuzungumza huishia hapo.

Bei za 2023 zilipangwa kwa kipindi cha hadi Juni 2026. Kila kipindi kinapokwisha, kampuni hupeleka ombi jipya, mdhibiti hutangaza vikao vya maoni, na mstari huwekwa tena mezani. Jumbe za tokeni za miezi mitatu huchukua miezi mitatu kukusanywa.